Nafasi ya Msuguano baina ya Nyuso za Ufa katika Umakanika wa Mipasuko

IKISIRI

Makala haya yanaeleza namna msuguano baina ya nyuso mbili za ufa unavyoathiri ukuaji wa ufa huo katika miamba, metali na zege. Hoja ya msingi ni kwamba, pale ufa unapofungwa na mgandamizo, msuguano ndio unaoamua ni sehemu gani ya mzigo itakayofika kwenye ncha yake. Kwa kuwa msuguano wenyewe hutegemea mgandamizo, maji na historia ya mzigo, ufa uleule waweza kuwa tulivu leo na wa hatari kesho pasipo urefu wake wala uzito unaoubeba kubadilika. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa hesabu ya ufa mmoja mdogo ndani ya mwamba, kisha inapimwa kwa mifano miwili: nyufa za reli na matetemeko yaliyochochewa na maji yaliyosukumwa ardhini.

Istilahi za msingi: ufa, msuguano, mgandamizo, mtelezo, ncha ya ufa, uchovu wa metali

1.0 Utangulizi

Umakanika wa mipasuko ni taaluma inayochunguza masharti yanayofanya ufa uliomo ndani ya kitu kigumu ukue au utulie. Mhandisi anapokuta ufa katika daraja, mhimili wa mashine au ukuta wa handaki, swali lake la kwanza si kama ufa upo, bali kama utaendelea kukua, na kwa mzigo gani. Jibu la swali hilo lina uzito mkubwa. Likikosewa upande mmoja, kifaa kizima hutupwa bila sababu; likikosewa upande wa pili, watu hupoteza maisha.

Katika mafunzo ya awali ya taaluma hii, ufa huchorwa kama mwanya mwembamba ulio wazi, ambao nyuso zake hazigusani. Mchoro huo unafaa pale kitu kinapovutwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya nyufa zilizomo ardhini, chini ya magurudumu na ndani ya mihimili inayosokotwa haziko wazi. Zimefungwa, nyuso zake zinagusana, zinabanana na kusuguana. Katika hali hiyo mchoro wa awali hautoshi.

2.0 Ufa Usio na Msuguano

Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alichapisha uchunguzi wake kuhusu kuvunjika kwa kioo. Alionesha kwamba kioo huvunjika kwa mkazo mdogo sana kuliko unaotarajiwa kutokana na nguvu za vifungo vya atomu zake, kwa sababu kina nyufa ndogo ndogo. Kwa maelezo yake, ufa hukua pale nishati ya unyumbufu inayoachiliwa na ukuaji huo inapotosha kulipia nishati ya kuunda nyuso mpya. Nadharia hiyo ni hesabu ya mapato na matumizi: nishati inayotoka upande mmoja na gharama ya uso mpya upande wa pili.

Mwaka 1957 G. R. Irwin, akifanya kazi Marekani, aliigeuza hesabu hiyo kuwa kipimo kinachohesabika kwa urahisi zaidi, yaani kipimo cha ukali wa mkazo kwenye ncha ya ufa. Kipimo hicho huongezeka kadiri mkazo na urefu wa ufa unavyoongezeka. Kikifikia kiwango maalumu cha kila maada, kiitwacho ukinzani wa mpasuko, ufa huanza kukua. Aidha, taaluma hii hubainisha namna tatu za nyuso za ufa kusogea. Katika namna ya kwanza nyuso huachana. Katika namna ya pili uso mmoja huteleza juu ya mwingine kuelekea ncha ya ufa. Katika namna ya tatu uso huteleza sambamba na ukingo wa ufa, kama inavyotokea mhimili unaposokotwa.

Katika namna ya kwanza hakuna mgusano, hivyo hakuna msuguano. Suala la msuguano huzuka katika namna ya pili na ya tatu, hususani pale mgandamizo unapozibana nyuso za ufa wakati huohuo mkazo mwingine unazilazimisha ziteleze.

3.0 Ufa Uliofungwa

3.1 Kanuni

Mtu akibana viganja vyake viwili na kujaribu kuvitelezesha, atahisi kwamba kadiri anavyovibana zaidi ndivyo kuteleza kunavyokuwa kugumu zaidi. Kanuni ya msuguano ya Coulomb inaeleza jambo hilohilo: ukinzani dhidi ya kuteleza ni sawa na mgandamizo kwenye uso ukizidishwa kwa mgawo wa msuguano. Kwa ufa, maana yake ni kwamba mkazo wote wa mtelezo haufiki kwenye ncha. Sehemu yake hubebwa na nyuso zinazogusana, na kinachofika kwenye ncha ni baki tu. Kwa maneno mengine:

mtelezo unaobaki = mkazo wa mtelezo − (mgawo wa msuguano × mgandamizo juu ya ufa)

Iwapo baki hilo ni sifuri au chini yake, ufa umekwama. Ncha yake haihisi mzigo wowote wa kuteleza, na kwa upande huo kitu kinabeba mzigo kana kwamba ufa haupo.

3.2 Mfano wa Hesabu

Ichukuliwe kwamba ndani ya mwamba kuna ufa wenye urefu wa milimita 2, ulioinama kwa nyuzi 30 kutoka mhimili wa mzigo, na kwamba mwamba unagandamizwa kwa MPa 60. Mgawo wa msuguano uwe 0.6, na ukinzani wa mpasuko wa mwamba uwe MPa√m 1.5. Jedwali 1 linaonesha hali nne za ufa huo.

Jedwali 1: Mikazo juu ya ufa mmoja katika hali nne (MPa)

| Hali | Mgandamizo juu ya ufa | Mkazo wa mtelezo | Ukinzani wa msuguano | Mtelezo unaobaki |
|---|---|---|---|---|
| A. Msuguano ukipuuzwa | 15.0 | 26.0 | 0 | 26.0 |
| B. Msuguano ukihesabiwa | 15.0 | 26.0 | 9.0 | 17.0 |
| C. Kama B, na mgandamizo wa pembeni wa 10 | 22.5 | 21.7 | 13.5 | 8.2 |
| D. Kama C, na maji yenye shinikizo la 10 ndani ya ufa | 12.5 | 21.7 | 7.5 | 14.2 |

Ufa unaolazimishwa kuteleza chini ya mgandamizo kwa kawaida hauendelei mbele kwa mstari ulionyooka. Kwenye ncha zake huchipuka nyufa za pembeni, zinazoitwa mabawa, ambazo hupinda taratibu hadi zikaelekea upande wa mzigo. Mabawa haya yalioneshwa kwa majaribio na W. F. Brace na E. G. Bombolakis mwaka 1963. Kwa mujibu wa hesabu ya mkazo kwenye ncha, bawa huanza kwa pembe ya takriban nyuzi 70 kutoka mstari wa ufa, na ukali wa mkazo unaolifungua ni takriban mara 1.15 ya ukali wa mtelezo.

Katika hali A, ukali wa mkazo unaofungua bawa ni 1.68, kiasi kinachozidi ukinzani wa 1.5; hivyo bawa litachipuka. Katika hali B ni 1.10 tu, na bawa halitachipuka. Mwamba ni uleule, ufa ni uleule na mzigo ni uleule. Tofauti ni kwamba katika hesabu ya kwanza nyuso zimechukuliwa kuwa laini kabisa, na katika ya pili zimechukuliwa zilivyo.

3.3 Mwelekeo wa Hatari na Mwelekeo wa Kukwama

Msuguano hubadili pia mwelekeo wa ufa ulio hatari zaidi. Bila msuguano, ufa wa hatari zaidi ni ule ulioinama nyuzi 45 kutoka mhimili wa mzigo, kwa kuwa hapo ndipo mkazo wa mtelezo unapofikia kilele. Kwa mgawo wa 0.6, mwelekeo huo husogea hadi takriban nyuzi 30. Zaidi ya hapo, kila ufa ulioinama zaidi ya takriban nyuzi 59 hukwama moja kwa moja. Mzigo huo pekee, uongezwe kwa kiasi gani, hauwezi kuutelezesha, kwa sababu kila ongezeko la mtelezo huja pamoja na ongezeko kubwa zaidi la ukinzani.

Jambo hili lilisaidia kuondoa tatizo la zamani katika nadharia. Griffith alipoipanua nadharia yake mwaka 1924 ili ihusu mgandamizo, alizichukulia nyufa kuwa wazi. Matokeo yake hayakulingana vyema na miamba iliyobanwa pande zote, ambayo nguvu yake huongezeka haraka kuliko alivyotabiri. Mwaka 1962 F. A. McClintock na J. B. Walsh waliingiza msuguano katika nyufa zilizofungwa. Kwa mgawo wa 0.6, hesabu yao inaonesha kwamba kila MPa 1 ya mgandamizo wa pembeni huongeza nguvu ya mwamba kwa takriban MPa 3. Hali C katika jedwali inaonesha sababu: mgandamizo wa pembeni hupunguza mkazo wa mtelezo na papo hapo huongeza ukinzani wa msuguano. Ndiyo maana mwamba ulioko kina kirefu huwa imara kuliko uleule uliotolewa nje, na ndiyo maana kuchimba handaki, ambako huondoa mgandamizo wa upande mmoja, kunaweza kuziamsha nyufa zilizokuwa zimelala.

4.0 Historia ya Mzigo na Nishati Inayopotea

Ufa ulio wazi hauna kumbukumbu. Mzigo ukirudi kiwango cha awali, nao hurudi hali ya awali, mradi haujakua. Ufa wenye msuguano haufanyi hivyo, kwa kuwa msuguano daima hupinga mwendo uliopo: mzigo unapoongezeka hupinga kuteleza kwenda, na unapopungua hupinga kuteleza kurudi.

Ufa wa hali B unatosha kuonesha jambo hili. Baada ya mzigo kufika MPa 60, uanze kupunguzwa polepole. Ufa hautaanza kurudi papo hapo. Utabaki umekwama mahali ulipofika hadi mzigo ushuke kufikia takriban MPa 29, ndipo mkazo uliobaki ndani ya mwamba utakapoweza kuushinda msuguano na kuurudisha. Kati ya MPa 60 na 29, ncha ya ufa haihisi mabadiliko yoyote ya mtelezo ingawa mzigo wa nje umepungua kwa zaidi ya nusu.

Kutokana na hali hiyo yanazaliwa matokeo mawili. Kwanza, mwamba wenye nyufa zilizofungwa huonekana mgumu zaidi mzigo unapoanza kupunguzwa kuliko ulipokuwa unaongezwa. Walsh alilieleza hili mwaka 1965. Pili, kila mzunguko wa mzigo hupoteza nishati, ambayo hugeuka joto na kusaga vinundu vya nyuso za ufa. Hivyo basi, hesabu ya Griffith huongezewa mstari mmoja katika upande wa matumizi. Nishati inayotolewa na mzigo hailipii uso mpya tu, bali hulipia msuguano pia. Na kwa kuwa malipo ya msuguano hutegemea njia ambayo mzigo umepitia, kujua mzigo wa mwisho pekee hakutoshi kujua hali ya ncha.

Katika ukaguzi wa vifaa, joto hilo limegeuzwa kuwa faida. Kifaa hutikiswa kwa mawimbi ya sauti ya masafa ya juu, nyuso za ufa husuguana, na kamera ya miale ya joto huonesha mahali palipopata moto. Ufa uliofungwa kiasi cha kutoonekana kwa jicho hujitangaza wenyewe kwa msuguano wake.

5.0 Nyufa za Reli

Tarehe 17 Oktoba 2000, treni iliyokuwa ikitoka London kwenda Leeds ilianguka karibu na Hatfield, Uingereza. Watu 4 walifariki na zaidi ya 70 walijeruhiwa. Uchunguzi ulibaini kwamba reli ilikuwa imepasuka vipande vingi kutokana na nyufa za uchovu wa metali zilizoanzia kwenye uso wake, zinazosababishwa na mbiringiko wa magurudumu. Baada ya ajali hiyo, treni zilipunguziwa mwendo katika maeneo mengi ya nchi wakati reli zikikaguliwa na kubadilishwa.

Nyufa za aina hii zinahusiana moja kwa moja na hoja ya makala haya. Huanzia juu ya reli na kuingia ndani kwa mwinamo mdogo. Gurudumu linapopita juu yake, halizivuti. Huzigandamiza kwa nguvu kubwa na wakati huohuo huzilazimisha ziteleze. Kwa mantiki ya sehemu ya tatu, ufa mkavu wa namna hiyo hubanwa, na msuguano huzuia sehemu kubwa ya mtelezo isifike kwenye ncha.

Maji au mafuta yakiingia, hali hubadilika. Mapema mwaka 1935, mtafiti Stewart Way alionesha kwa majaribio ya magurudumu yanayobiringika kwamba vishimo vya uchovu vilitokea pale uso ulipokuwa na kilainishi, wala si ulipokuwa mkavu. Mwaka 1988 A. F. Bower aliichambua kwa hesabu athari ya msuguano wa nyuso za ufa na ya majimaji yaliyonaswa ndani yake. Njia za athari hiyo ni tatu. Kwanza, majimaji hupunguza mgawo wa msuguano, hivyo mtelezo mkubwa zaidi hufika kwenye ncha. Pili, shinikizo la gurudumu hupitishwa na majimaji hadi ndani ya ufa na kuzitenganisha nyuso. Tatu, gurudumu likiufunika mdomo wa ufa kwanza, majimaji hunaswa na kusukumwa kuelekea ncha, na ufa uliokuwa wa kuteleza hugeuka kuwa wa kufunguka.

Hapa pana mtego kwa mtunza reli. Kilainishi hupakwa kwenye reli, hasa penye kona, ili kupunguza ulikaji. Lakini ulikaji wenyewe una faida yake, kwa kuwa huondoa tabaka la juu pamoja na nyufa changa. Reli inayofanya kazi ikiwa kavu kwa muda mrefu hupata nyufa fupi kutokana na msuguano mkubwa baina ya gurudumu na reli. Ikiloweshwa baadaye, nyufa hizo zilizokwisha kuanza hupata majimaji yanayozikuza. Msuguano wa aina mbili unahusika, na athari zake zinapingana: ule wa juu ya reli huzaa ufa, na ule wa ndani ya ufa huuzuia usikue. Maji hupunguza yote mawili kwa pamoja. Ndiyo sababu reli husagwa juu kwa mashine maalumu ili kuondoa tabaka lenye nyufa kabla hazijaingia kina, badala ya kutegemea kilainishi peke yake. Suala hili linahusu kila njia ya reli inayopitia kiangazi na masika kwa zamu.

6.0 Maji katika Nyufa za Ardhi

Kanuni hiyohiyo hufanya kazi kwa kipimo cha kilometa. Nyufa kubwa za ardhi hubaki zimekwama kwa msuguano kwa muda mrefu. Mwaka 1978 James Byerlee alikusanya vipimo vya miamba mingi na kuonesha kwamba, chini ya mgandamizo mkubwa, msuguano wake hautofautiani sana baina ya mwamba na mwamba: mgawo ni takriban 0.85 hadi mgandamizo wa MPa 200, na juu ya hapo ukinzani ni MPa 50 kujumlisha 0.6 ya mgandamizo. Baadhi ya madini ya udongo wa mfinyanzi huteleza kwa urahisi zaidi.

Karibu na Denver, Marekani, kisima chenye kina cha takriban meta 3,670 kilichimbwa ili kutupia majitaka ya kiwanda cha silaha za kemikali. Majitaka yalianza kusukumwa ardhini mwaka 1962, na matetemeko yakaanza kuhisiwa katika eneo hilo. Usukumaji ulisimamishwa Februari 1966, lakini matetemeko makubwa zaidi yalitokea mwaka 1967. Baadaye, kati ya 1969 na 1973, watafiti walifanya jaribio katika uwanja wa mafuta wa Rangely, katika jimbo hilohilo la Colorado. Waliongeza na kupunguza shinikizo la maji kwa makusudi, na matetemeko yaliongezeka na kupungua kulifuata.

Maelezo yake yako katika hali D ya Jedwali 1. Maji yenye shinikizo hayaongezi mkazo wa mtelezo. Husukuma nyuso za ufa kutoka ndani na kupunguza mgandamizo unaozibana. Ukinzani wa msuguano hushuka kutoka 13.5 hadi 7.5, na mtelezo unaobaki hupanda kutoka 8.2 hadi 14.2, ilhali mzigo wa nje haukuguswa. Ucheleweshaji wa Denver nao unaeleweka: shinikizo liliendelea kusambaa ndani ya nyufa za mwamba hata baada ya pampu kuzimwa, likizifikia sehemu ambazo hapo awali zilikuwa bado zimekwama.

7.0 Ukwaruzo wa Nyuso na Mipaka ya Nadharia

Hesabu za makala haya zimetumia mgawo mmoja usiobadilika. Katika hali halisi nyuso za ufa zina vinundu na mabonde. Katika zege, kokoto zilizochomoza upande mmoja hujikita katika mashimo ya upande wa pili, na mhandisi hutegemea mshikamano huo pamoja na nondo kupitisha mzigo kwenye ufa. Nyuso zikiteleza, vinundu hupandiana na kuufungua ufa kidogo. Kadiri mizunguko ya mzigo inavyoongezeka ndivyo vinavyosagika, na mgawo hubadilika.

Jambo hili lina athari katika maabara. Mhimili wa chuma wenye ufa unaposokotwa, nyuso zenye vinundu hubeba sehemu ya mzigo, na ukinzani unaopimwa huonekana mkubwa kuliko ukinzani wa chuma chenyewe. Mhandisi akiutumia mahali ambapo nyuso zitakuwa zimelainishwa au zimelika, atakuwa ametegemea nguvu ambayo haipo.

8.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba msuguano baina ya nyuso za ufa hupunguza mzigo unaofika kwenye ncha, hubadili mwelekeo wa ufa ulio hatari zaidi, huipa maada kumbukumbu ya mzigo uliopita na hula sehemu ya nishati. Kuupuuza huonekana kuwa tahadhari, kwa kuwa ufa usio na msuguano ndio hukabiliwa na mtelezo mkubwa zaidi. Hata hivyo, tahadhari hiyo hutoza gharama: husababisha vifaa vizima kukataliwa na haielezi kwa nini ufa uliotulia kwa miaka huamka ghafla. Kuutegemea kupita kiasi ni hatari zaidi, kwa sababu msuguano ni ulinzi wa kuazima. Hutolewa na mgandamizo na ukavu wa nyuso, na huweza kuondolewa na mvua, kilainishi, pampu au uchimbaji. Kwa hiyo, pamoja na kupima urefu wa ufa na mzigo unaobebwa, mkaguzi hana budi kujua kinachozibana nyuso zake, na kinachoweza kuzilegeza.